Maji Yaliyokataa Kutoka kwa Mwalimu Veronicah

Kwa miaka mingi Misheck Munyi hakufungua skrubu ya mashine ya kufulia kabla ya kuiacha ijieleze. Aliiwasha, akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ncha akaigusisha ubavuni mwa mashine na mpini akaubana sikioni, kisha akafumba macho. Alikaa hivyo amechutama, kama mtu anayenong'onezwa siri na mtoto. Alipofumbua macho alisema, "Ni beringi," au "Ni mkanda," au "Huyu amemeza sarafu." Mashine hakuziita hii wala ile. Aliziita huyu, na zote zilikuwa wagonjwa.

Watu wa Karurumo na Runyenjes walimwita Munyi wa Sikio, na jina hilo lilikuwa na sababu. Misimu kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha kahawa kilichokaa kwenye mteremko, mahali ambapo kijito kiliwahi kuwa na maji mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa mfereji. Kahawa ikishamenywa hupitishwa kwenye mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji yanayokwenda. Punje nzito huzama, zilizo tupu huelea na kuondoka. Maji yakienda kasi, huchukua hata punje nzuri. Yakienda polepole, mbovu hulala pamoja na nzuri. Hapakuwa na kipimo. Kulikuwa na Munyi, amesimama na buti za mpira, mkono majini, akisikiliza. Hatua tatu nyuma yake mashine ya kumenyea ilinguruma kuanzia alasiri, wakulima walipoanza kuleta magunia, hadi punje ya mwisho.

Kiwanda kilipopunguza watu, Munyi alirudi nyumbani na mikono iliyojua maji. Wakati huohuo mashine za kufulia zilianza kupanda vilima hivyo, moja moja, kwenye migongo ya pikapu, zimetumwa na watoto waliopata kazi mijini. Ya kwanza aliitengeneza kwa ajili ya muuguzi mmoja wa Runyenjes. Aliifungua, akaona pampu, mpira wa kutolea maji, na chujio. Akacheka peke yake. Ulikuwa mfereji tu, umekunjwa ukatiwa ndani ya sanduku jeupe.

Kisha sauti zikaanza kuondoka.

Kwanza walipotea ndege. Hakugundua siku waliyopotea. Aligundua tu asubuhi moja kwamba mdomo wa ndege aliyekuwa kwenye mti wa makadamia ulikuwa ukifunguka na kufungika bila kitu kutoka. Baadaye mvua ilisogea. Ilinyesha juu ya bati lake, aliiona ikichuruzika mbele ya dirisha, lakini mlio wake ulisikika kana kwamba inanyesha kwa jirani, halafu kwa jirani wa jirani. Zikafuata sauti za watoto, na za wanawake wakigeuza uso. Zilizobaki ni zile nene: lori likipanda mlima, ng'ombe, besi za kwaya kanisani. Dunia ikawa kama inavyoonekana kupitia kioo cha mlango wa mashine. Rangi zinazunguka, povu linapanda na kushuka, kila kitu kinaendelea na shughuli zake, kimya.

Hakuuchukia ukimya huo. Ulikuwa laini, ulimfuata shambani na kitandani kama blanketi, na nyakati nyingine alikaa kibarazani akaona jua likihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila hamu ya kuinuka. Hofu yake ilikuwa watu. Fundi wa sikio asiye na sikio ni nani? Basi aliendelea kubana mpini wa bisibisi kwenye sikio kwa sababu wateja walisubiri aubane, na aliendelea kufumba macho. Alikuwa kama mtu anayepiga simu kwenye namba anayojua imefungwa. Mtu akimwambia neno asilolisikia, alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amegundua kwamba watu wengi wakikubaliwa hawaulizi zaidi.

Miaka mitatu njia hiyo ilimfaa. Ubovu mwingi wa mashine ni uleule, na macho huona mengi. Kisha Mwalimu Veronicah wa Ishiara akamwita mara ya tatu kwa shida ileile.

Veronicah alikuwa mwalimu mstaafu. Aliishi nje kidogo ya soko la Ishiara, kule chini ambako joto humpokea mtu kabla ya mwenyeji, pamoja na mama yake mwenye miaka tisini na kitu, ambaye majirani wote walimwita Cucu, yaani bibi. Tangu Cucu alipoanguka na kuvunjika nyonga, hakutoka kitandani bila kubebwa, na shuka zake zilibadilishwa mara mbili, siku nyingine mara tatu, kwa kutwa moja. Wawira, binti wa Veronicah anayefanya kazi mjini Embu, aliwanunulia mashine. Munyi ndiye aliyeisimika, mwezi wa Novemba. Aliiweka kwenye chumba cha nyuma ya jikoni, akatoboa ukuta, akapitisha mpira wa maji machafu hadi kwenye shimo la mawe uani. Ilifanya kazi vizuri Krismasi nzima.

Mwanzoni mwa Februari ikakataa kutoa maji. Munyi alikuja, akafungua chujio, akatoa vifungo viwili vya gauni, kibanio cha nywele na punje moja ya ndengu iliyokuwa imeanza kuota. Akamimina jagi moja la maji kwenye pipa la mashine, akaiwasha, maji yakaondoka. Akafurahi, akaenda. Wiki moja baadaye ilikataa tena. Safari hii alikuja na pampu mpya, akaifunga, akamimina jagi lake, maji yakaondoka. Akaenda. Siku ya nne akapata ujumbe kwenye simu:

"Fundi, amegoma tena. Wawira anakuja Jumamosi na fundi wa Embu. Ukitaka kumwona mgonjwa wako mara ya mwisho njoo kabla."

Aliusoma mara tatu. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda kuelekea Ishiara, begi la vifaa mapajani, na njiani, upepo ukimpiga usoni bila mlio wowote, aliweka nadhiri. Huyu alimsimika kwa mikono yake mwenyewe. Akishindwa kumponya leo, basi. Spana ataziuza, bisibisi ataigawa, atarudi kwenye mibuni yake michache na ukimya wake, na hakuna atakayehitaji kujua sababu. Atasema magoti. Kila mtu huamini habari za magoti.

Alipofika ilikuwa kama saa nne. Veronicah alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Karibu, fundi. Nilifikiri umeogopa."

"Niogope nini, Mwalimu? Mgonjwa yuko wapi?"

"Palepale ulipomwacha. Amelala na chakula mdomoni."

"Amekula nini?"

"Shuka nne na gauni la mama. Maji akanywa yote, kutema hataki, na mlango ameufunga. Nimemsihi kama mtu. Nimemtukana. Nimemwimbia wimbo wa kanisa."

"Na wimbo akakataa?"

"Labda yeye ni wa dhehebu lingine."

Munyi alicheka. Ana kwa ana, chumba kikiwa kimya, maneno ya Veronicah yalimfikia vizuri. Alikuwa na sauti iliyoshiba ya mtu aliyefundisha madarasa yenye watoto sitini. Walipoingia chumba cha nyuma, Munyi alichutama mbele ya mashine na kufuta kioo kwa kiganja. Nyuma ya kioo maji ya kijivu yalikuwa yamefika nusu. Shuka zilielea ndani kama mawingu yaliyochoka, na mkono wa gauni la Cucu ulikuwa umeegemea kioo, ukipanda na kushuka taratibu, kana kwamba mtu amesimama upande wa pili anampungia. Jua liliingia kwa dirisha dogo na kupita ndani ya maji hayo. Munyi alitazama. Alisahau alichokuja kufanya. Aliona tu mkono ule mweupe, polepole, polepole, na akafikiri kwamba kama uzee wake ungekuwa hivi tu, kukaa mbele ya kioo na kupungiwa mkono, asingelalamika.

Veronicah alimgusa begani. Munyi alipogeuka aliona midomo yake ikimalizia neno.

"...unaomba? Nimekuuliza, fundi, unamwombea?"

"Namtazama kwanza."

"Mtazame. Lakini Jumamosi ni keshokutwa."

Alichukua bisibisi ndefu. Akaiwasha mashine kwenye kutoa maji, ncha ubavuni, mpini sikioni, macho yakafungwa. Hakuna kitu. Akaubana zaidi hadi sikio likauma. Hakuna kitu. Ndani ya giza la macho yake mwenyewe palikuwa na uwanda mpana mtupu, na katikati ya uwanda huo Munyi wa Sikio amesimama peke yake na bisibisi. Alifumbua macho. Veronicah alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akimsubiri kwa imani ambayo hakuistahili.

Aliiweka bisibisi sakafuni.

Akazunguka nyuma ya mashine, penye nafasi ya kuingia mtu mmoja kwa ubavu, akalala chini kwenye saruji baridi na kuunyoosha mkono. Aliushika mpira wa maji machafu pale unapotoka mashineni, akauzungushia vidole kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa kutafuta mshipa. Alikuwa hajafanya hivyo kwa mashine hata siku moja. Kwenye mfereji wa kahawa, ndiyo. Huko, msimu ukipamba moto na mashine ya kumenyea ikizima kila sauti nyingine, alikuwa na desturi ya kuzamisha mkono hadi kiwiko na kuacha maji yamwambie.

Pampu ilitetemeka. Ilikuwa nzima, mtetemo wake ulikuwa sawa, haukuruka wala kukwama. Mpira ukakaza, ukajaa, maji yakapita chini ya vidole vyake yakienda. Vizuri. Yakaendelea kwenda, kisha kasi ikapungua, kisha yakasimama. Pampu ilikuwa bado inatetemeka, lakini maji ndani ya mpira yalisimama tuli, kama mzee aliyefika katikati ya mlima na kushika kiuno. Mashine ilingoja, ikachoka, ikazima pampu.

Halafu yakarudi.

Aliyahisi waziwazi. Yalikuja taratibu, baridi, kutoka upande wa ukuta, yakapita chini ya vidole na kuingia tena mashineni, kama mgeni aliyeaga vizuri kisha akakumbuka amesahau kofia. Munyi hakutikisika. Pampu ikawaka mara ya pili. Maji yakaenda, yakasimama, yakarudi. Mara ya tatu vilevile. Alilala pale shavu kwenye saruji, na kwa muda akasahau hata furaha ya kugundua. Alikuwa tena kwenye kiwanda, jioni, maji mkononi, punje zikimpita vidoleni kama samaki wadogo, na kila kitu kikisema naye.

Maji hayarudi nyuma isipokuwa yamepandishwa. Yeye aliyaelekeza kwenye shimo la mawe, chini. Alijitoa nyuma ya mashine, akafungua mlango wa uani, akatoka juani.

Shimo la mawe lilikuwa kavu, na mjusi amelala ndani yake. Mpira aliouweka yeye ulitoka tundu la ukutani, na hapo ulikuwa umeunganishwa na mpira mwingine wa kijani, wa bustani, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa ustadi. Mpira wa kijani ulipanda. Ulipanda ukutani, ukapita dirisha, ukapanda jukwaa la mbao lenye urefu wa kumpita mtu, na ukaingia kwenye mdomo wa tangi jeusi lililokuwa juu yake. Kutoka chini ya tangi, bomba jembamba lilishuka hadi kwenye mipapai sita na matuta ya sukumawiki yaliyokuwa ya kijani kibichi, katikati ya Februari, katika Ishiara, ambako hata miiba ilikuwa imekauka.

Munyi alisimama akiutazama mpira ule kwa heshima. Pampu ndogo kama ile hutupa maji hadi usawa wa kiuno cha mtu, ukiibembeleza hadi kifua. Hii ilikuwa imetakiwa ipande mlima. Pampu ikiwa mpya ilijikaza siku chache kabla ya kushindwa, na jagi lake moja la majaribio liliishia tu ndani ya mpira.

"Mwalimu," aliita. "Njoo hapa kidogo."

Veronicah alikuja akijifuta mikono.

"Huu mpira uliupandisha lini?"

Midomo ya Veronicah ilibaki wazi kidogo. "Januari. Si nilikuambia?"

"Uliniambia?"

"Siku ya kwanza kabisa ulipokuja kumtibu! Ulikuwa umeinama pale chini unatoa vile vifungo. Nikakuambia, fundi, nimeuinua mpira mpaka kwenye tangi, nisipoteze haya maji. Huku kwetu maji hayamwagwi, yanapewa kitu, mama angenifukuza. Nikakuuliza, kuna ubaya? Ukafanya hivi." Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kwa busara nyingi. Alimwigiza vizuri. "Na mara ya pili nikakuuliza tena. Nikasema, huyu mashine akimaliza anafanya ndani yake mlio kama mtu anasukutua, ni kawaida? Ukafanya hivyo hivyo."

Palikuwa na njia ya kutoka. Munyi aliiona wazi, kama njia ya mbuzi kando ya barabara. Angeweza kusema mpira wa kijani ni mwembamba mno, ulifungwa vibaya, tyubu imevuja hewa. Veronicah angeamini, angejilaumu mwenyewe, angeomba hata msamaha. Fundi wa Embu asingekuja, jina lingebaki. Mbele yake kuku alipita akifungua mdomo na kuufunga.

"Mwalimu," alisema, "siku ile sikukusikia."

"Ulikuwa umeinama, ndiyo."

"Sikia. Sikukusikia. Hata mara ya pili. Huo mlio wa kusukutua sijawahi kuusikia. Hata leo sijausikia, nimeushika kwa mkono. Masikio yangu yamekwisha, Mwalimu. Mwaka wa tatu huu."

Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo kwa lugha yoyote. Yalipotoka, yeye mwenyewe aliyasikia kwa mbali.

Veronicah hakusema pole. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekaa muhula mzima bila daftari.

"Na ile bisibisi?"

"Mazoea."

"Mazoea!" Akapiga makofi. "Tumekaa kimya hapa, tumezuia pumzi, fundi anasikiliza, kumbe fundi anapumzika!"

Munyi alijaribu kubaki na huzuni yake lakini ilimponyoka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jukwaa. Veronicah naye alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Nimefundisha miaka thelathini na mbili," alisema, na sasa alisimama mbele yake kabisa, akitamka neno moja moja. "Kila darasa lilikuwa na mmoja asiyesikia vizuri. Unajua nilimjua vipi? Ni yule anayekubali kila kitu. Nilimleta mbele, dawati la kwanza. Wewe unajificha nyuma ya mashine. Haya. Sasa mgonjwa wangu anapona au haponi?"

"Anapona leo."

"Na miti yangu?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Munyi alipiga hatua hadi kwenye mipapai na kurudi, akiangalia ardhi. Uwanja uliteremka, si sana, lakini uliteremka. Veronicah alisema aliyemwuzia lile bomba jembamba ndiye aliyemwambia kwamba tangi lazima likae juu kuliko kichwa, la sivyo maji hayatafika. Munyi alichutama na kuonyesha kwa kidole.

"Maji hayahitaji mlima, Mwalimu. Yanahitaji mteremko wa kidole tu, na subira. Kahawa ya tarafa nzima ilipita kwa mteremko wa kidole."

Walitafuta pipa la plastiki lililokuwa likihifadhi makaa, wakalisuuza, wakaliweka juu ya mawe mawili kando ya lile shimo. Munyi alihamisha bomba la miti kutoka kwenye tangi hadi chini ya pipa. Mpira wa kijani akauondoa wote. Ule wake mwenyewe akauning'iniza kwenye ukingo wa pipa, usawa wa paja, akaufunga kwa waya ili ncha isizame majini ikanyonya tena kilichotoka. Alifanya yote hayo polepole, na kila alipotaka kujua kitu alimgeukia Veronicah na kumtazama midomo. Alishangaa ni mambo mangapi mwanamke huyo alikuwa nayo ya kusema juu ya nyumba yake mwenyewe. Maji ya tangi la mvua huisha lini. Sabuni gani haichomi sukumawiki. Mara ngapi mama huamka.

Ilikuwa karibu adhuhuri alipowasha mashine. Hakugusa bisibisi. Alikaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, kiganja juu ya mpira, na Veronicah akakaa kwenye kigoda, wote wawili wakitazama kioo. Maji yalianza kushuka. Yalishuka bila haraka, yakiacha mstari wa povu juu ya kioo, kisha mstari mwingine chini yake. Shuka zilianza kutulia, moja juu ya nyingine. Mkono wa gauni ulipunga mara moja, ukalala. Chini ya kiganja cha Munyi maji yalikwenda, yakaenda, yakaenda, na pampu ilipozimika hakuna kilichorudi. Uani, pipa lilikuwa linajaa. Taa ndogo nyekundu ya mlango ikazimika.

Veronicah aligeuza kichwa ghafla kuelekea chumba cha kulala, akajibu kitu kwa Kimbeere, kisha akamgeukia Munyi ili amwone.

"Ni mama. Ameamka. Anauliza kama maji yamemwagwa."

"Mwambie yamepewa miti."

Akamwambia. Munyi hakusikia jibu, lakini aliona uso wa Veronicah ukilainika, na hiyo ilitosha.

Wakati wa kuondoka, Mwalimu alimsindikiza hadi kwenye barabara. "Chama chetu tunakutana Jumapili baada ya ibada," alisema. "Wataniuliza habari ya mashine. Niwaambie nini?"

Munyi alifunga begi, akalifungua, akalifunga tena. "Waambie ukweli."

"Nitawaambia hivi. Munyi anajua kazi. Lakini mkimwita, simameni mbele yake, semeni mkimtazama, na asipojibu kwa mdomo, hajasikia. Kichwa chake ni mwongo. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Na Wawira nitampigia. Aje Jumamosi na nyama, fundi amwache."

Alifika nyumbani Karurumo jua likiwa bado juu ya mashamba ya kahawa. Mkewe, Ntinyari, mzaliwa wa Kangeta, alikuwa kibarazani akibambua maharagwe mabichi kwenye ungo. Munyi alikaa mbele yake, akachukua ganda moja, akalipasua, akaangalia punje zilivyojipanga. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima. Yalipofika mdomoni yalikuwa machache.

"Masikio yangu hayafanyi kazi, Mama Kanana."

Ntinyari aliendelea kubambua. "Najua."

"Unajua?"

"Baba Kanana, miaka mitatu napayuka ndani ya nyumba hii kama muuza ndizi. Jirani anafikiri tunagombana kila siku. Hata pasta alikuja kutuombea, ukamtikisia kichwa. Ulidhani Kangeta ndivyo tunavyozungumza?"

Kweli alikuwa amedhani. Alitazama maharagwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Ntinyari, na sasa aliuweka ungo chini, akavuta kigoda hadi magoti yao yakagusana. "Ukaniitikia kwa kichwa."

Walimaliza maharagwe pamoja. Mwanga ulikuwa wa dhahabu, wa aina ile inayofanya vumbi lionekane zuri. Asubuhi iliyofuata simu ya Munyi ilitetemeka mezani. Alizoea kuitazama ikitetemeka mpaka ichoke, kisha kusubiri ujumbe wa kuandikwa. Ntinyari aliichukua, akaibana sikioni mwake, akamkazia mumewe macho.

"Ndiyo, ni kwa fundi. Hapana, mimi ni mkewe. Ngoja, polepole." Alisikiliza. Mkono wake ulizunguka hewani, ukaonyesha kitu kinachozunguka, kisha ukasimama ghafla na kutetemeka. Alifunika simu kwa kiganja. "Ni kutoka Runyenjes. Wanasema inazunguka, inafika mahali, inaruka kama mbuzi."

Munyi aliona midomo ikienda, akashika maneno matatu, akapoteza mawili. Kichwa chake kilikuwa tayari kimeanza kuinama kukubali. Akakizuia.

"Sema tena," akamwambia.

Ntinyari akasema tena.